"Dog-eat-dog": mbwa wanapolana

Nafundisha Kiingereza hapa Malindi, na wanafunzi wangu wengi ni waongoza watalii na wahudumu wa hoteli. Wakikutana na msemo "dog-eat-dog" huufasiri haraka: samaki mkubwa humla mdogo. Siukubali ufasiri huo. Katika msemo wetu mwenye nguvu anammeza mnyonge. Katika ule wa Waingereza wote wawili ni mbwa. Ni watu wa kazi moja na shida moja, na bado mmoja yuko radhi kumwangamiza mwenziwe ili apate yeye.

Ukali wake unatokana na asili yake. Warumi walikuwa na methali isemayo mbwa hali nyama ya mbwa. Mwandishi wao Varro aliitaja zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Yaani hata mnyama ana mpaka. Waingereza nao wakawa na methali hiyo, na mwaka 1732 Thomas Fuller, daktari aliyekusanya methali, akaandika kwamba mbwa wakifikia kulana basi wamebanwa kwelikweli. Baadaye methali ikageuzwa kabisa, ikawa mbwa humla mbwa. Kwa hiyo ukiutumia msemo huu unalaumu: unasema mpaka ule umevunjwa.

Kwetu Malindi kuna mtego. Waitaliano bado wanayo methali ya zamani, "cane non mangia cane", kwamba watu wa kundi moja hawaumizani. Kijana anayekimudu Kiitaliano, akihamia meza ya Waingereza, anaweza kusema kinyume kabisa cha alichokusudia.

Msemo huu hueleza hali, haumwelezi mtu. "It's a dog-eat-dog business" ni sawa. "Eat" haiongezwi "s", kwa kuwa maneno yote matatu yameshikamana yakawa kivumishi kimoja. Madereva wa tuktuk wanaopangiana zamu stendi wanashindana, lakini msemo huu hauwahusu. Siku zamu zikivunjwa, mmoja akamchafulia mwenziwe jina kwa abiria ili amnyang'anye, hapo umefika mahali pake.

Tafadhali, usiufasiri neno kwa neno mbele ya wazee. Kumtaja mtu kwa mbwa huku Pwani ni tusi zito. Mzee akikuuliza Mzungu amesema nini, mwambie: anasema katika biashara ile watu wanazibiana riziki.