Nyemelezi maana yake nini hasa

Juzi nilikuwa saluni nasubiri zamu, akaingia mama na mwanae wa miaka kama 7 hivi, kichwani ana mabaka mawili ya mviringo, nywele zimekatika na ngozi imefanya ungaunga kama majivu. Mapunye kabisa. Kinyozi akazima mashine akasema kwa sauti, "mama, huyu ana magonjwa nyemelezi, mpeleke akapimwe." Yule mama hakujibu kitu, alimrudishia mtoto kofia wakaondoka.

Kukataa kumnyoa alikuwa sahihi, mapunye yanaambukiza kwa mashine na vitana, ila hilo neno jamani.

Magonjwa nyemelezi ni yale yanayompata mtu kwa sababu kinga yake imeshuka, basi. Neno limetoka kwenye kunyemelea, kama kutetea kunavyotupa mtetezi na kulea kunavyotupa mlezi. Paka anayenyemelea kifaranga hajaingia uani leo, yupo siku zote, anachosubiri ni kuku ageukie kwingine. Ndo alivyo kandida, fangasi anayeishi mdomoni na tumboni mwa watu wengi wazima na wala hawana habari naye, mpaka siku kinga ianguke, iwe kwa VVU, kisukari kilichopanda, dawa za saratani au steroidi za muda mrefu, ndo unaona utando mweupe kwenye ulimi na wekundu unaochonyota kwapani na chini ya matiti.

Kwa hiyo nyemelezi sio jina lingine la UKIMWI, ingawa wengi wetu tulilisikia huko kwanza. Na mapunye hayasubiri kinga ishuke, yanampata mtoto mwenye afya zake kwa kuazimana kofia tu shuleni.

Fangasi nyemelezi wa kweli kwenye ngozi ni kama kriptokokasi, anaishi kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, tunamvuta na hewa na hatuumwi. Ila mtu ambaye CD4 zake, yaani zile seli za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, zimeshuka chini ya 100 anaweza kutokwa vipele usoni vyenye kishimo katikati, na hapo fangasi huwa ameshasambaa mwilini na anaweza kufika hadi kwenye ubongo. Huyo ndo wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Yule mama alitakiwa kuambiwa tu, dada, haya ni mapunye, dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina la nywele, hospitali watampa vidonge vya wiki kadhaa, akipona mlete nimnyoe.