Kura ya Juni katika jimbo la Maine: nani anaruhusiwa, na karatasi ile hujazwa vipi

Tangu theluji ianze kuyeyuka, simu nyingi zinazofika kwenye dawati letu la lugha zinauliza jambo moja: kama gavana anachaguliwa Novemba, hii kura ya Juni inatuhusu nini? Anayeuliza anaweza kuwa mzee wa Bukavu anayeishi Lewiston au dada wa Bujumbura anayefanya kazi Portland, lakini dhana ni ileile, kwamba Juni ni shughuli ya wenye vyama na raia wa kawaida asubiri zamu yake. Dhana hiyo si sahihi, na mwaka huu itawagharimu wengi.

Gavana Janet Mills anamaliza muhula wake wa pili, na katiba ya Maine hairuhusu gavana kukaa mihula mitatu mfululizo. Januari 2027 ofisi ya gavana kule Augusta, mji mkuu wa jimbo, itapata mtu mwingine. Kwa kuwa hakuna anayetetea kiti, wagombea wamejitokeza wengi katika vyama vyote viwili vikubwa, na watachujwa Jumanne, tarehe 9 Juni 2026. Hizi ndizo kura za mchujo, ambazo ndugu zetu Watanzania huziita kura za maoni. Ukingoja tarehe 3 Novemba, utaletewa majina ambayo wengine wameshakuchagulia.

Niseme kidogo kuhusu uzito wa kiti chenyewe, maana hapo pia tunasikia mengi. Katika serikali ya jimbo hili, gavana ndiye kiongozi pekee anayepigiwa kura na jimbo zima. Mwanasheria Mkuu, Katibu wa Jimbo anayesimamia uchaguzi, na Mweka Hazina huchaguliwa na wabunge, ambao ni 151 katika Baraza la Wawakilishi na 35 katika Seneti. Naibu gavana hakuna. Kiti kikiwa wazi, Rais wa Seneti ndiye anayeshika. Kwa hiyo msimamo wa mtu mmoja unaweza kufungua au kufunga mlango. Novemba 2017 wapiga kura waliidhinisha bima ya afya ya serikali ipanuliwe iwafikie watu wengi zaidi wa kipato cha chini. Gavana wa wakati huo, Paul LePage, hakuitekeleza. Januari 2019, siku yake ya kwanza kazini, Mills alitia saini amri ya kuitekeleza. Sitoi mfano huu kumsifu mmoja na kumlaumu mwingine. Ofisi yetu haina mgombea. Nautoa kwa sababu wengi wenu mna kadi ya MaineCare, yaani bima hiyohiyo ya afya ya serikali, na ni haki yenu kujua kadi hiyo ilipitia mikono ya nani.

Lakini gavana hatoi hati za ukimbizi, hatoi kibali cha kazi, wala hawezi kusogeza mbele kesi ya mtu ya uhamiaji. Hayo ni ya serikali kuu ya Washington. Tumelieleza hili kila mwaka, na bado kuna watu wanaokwenda mikutano ya kampeni na bahasha ya nyaraka wakitumaini kumkabidhi mgombea. Tafadhali, nyaraka zako mpe wakili wako. Msaada wa mji, ule tunaouita GA (General Assistance), nao hautoki mezani kwa gavana moja kwa moja: ofisi ya mji ndiyo inayotoa, kisha jimbo hurudisha asilimia 70 ya gharama, kwa kanuni zinazopitia bungeni. Mwenye swali la GA aangalie pia nani anagombea ubunge wa eneo lake, kwa sababu nao wanachujwa siku hiyohiyo.

Sasa nifike kwenye jambo linalotunyima usingizi. Anayepiga kura ni raia wa Marekani peke yake. Mwenye grini kadi si raia. Aliyepewa hifadhi si raia. Aliyeomba hifadhi na anasubiri, kama walivyo wengi wa familia zilizopokelewa katika ukumbi wa Expo pale Portland kiangazi cha 2019, si raia mpaka siku atakapoapa. Kulipa kodi hakukupi kura. Kuwa na leseni ya udereva hakukupi kura. Hata kupita usaili wa uraia hakutoshi, ni kiapo. Karatasi ya Juni ina viti vya serikali kuu pia, ikiwemo useneta na uwakilishi wa Washington, kwa hiyo sheria za shirikisho zinahusika. Asiye raia akipiga kura anaweza kufungwa hadi mwaka 1 na kutozwa faini. Akijitangaza kuwa raia kwa uongo ili ajiandikishe, kifungo kinaweza kufika miaka 5. Na zaidi ya jela kuna uhamiaji: tendo hilo linaweza kumfanya afukuzwe nchini na kumfungia njia ya uraia, hata kama ameishi hapa miaka mingi bila kosa lolote.

Mara nyingi kosa huanza kwenye dirisha la leseni. Karani anauliza haraka kama unataka kuandikishwa kupiga kura, mtu anasema ndiyo kwa heshima, kama tulivyolelewa kuwaitikia wakubwa, kisha anatia saini. Kama si raia, jibu ni hapana. Ukishasaini kimakosa, usinyamaze ukitumaini itapita. Zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kuandika barua yoyote kwenda popote, na usikaribie kituo cha kura.

Kwa aliye raia, adhabu inayopaswa kukumbukwa ni moja zaidi: kupiga kura mara mbili, au kupiga kwa jina la mwingine, ni kosa la daraja C katika sheria za Maine, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5 na faini dola 5,000. Mama aliye hospitalini hawezi kupigiwa na binti yake kwa nia njema. Anaombewa karatasi ya kupigia nyumbani, anaijaza mwenyewe au kwa msaidizi aliyemchagua, na anasaini bahasha yake.

Tukitoka kwenye makatazo, milango iliyo wazi ni mingi kuliko watu wanavyodhani. Tangu 2024, raia aliyejiandikisha bila chama anaruhusiwa kushiriki mchujo. Anachagua karatasi ya chama kimoja tu, na akimaliza anabaki asiye na chama kama alivyoingia. Aliye mwanachama hupiga ya chama chake, na kama anataka kuhama kuna siku ya mwisho ya kufanya hivyo kabla ya uchaguzi. Amwone karani wa mji mapema. Ambaye hajajiandikisha kabisa anaweza kujiandikisha siku ileile ya kura, akiwa na uthibitisho wa mahali anapoishi. Haki hiyo ipo tangu 1973. Bunge liliiondoa mwaka 2011, na wananchi wakairudisha kwa kura Novemba ya mwaka huohuo. Kijana raia mwenye miaka 17 anapiga kura ya Juni ikiwa atatimiza 18 kufikia uchaguzi wa Novemba. Na raia aliye gerezani hapa Maine hajapoteza kura yake. Anaiomba kwa posta, akihesabiwa kule alikoishi kabla ya kufungwa. Habari hii haiwafikii wanaoihitaji, kwa hiyo mwenye ndugu ndani amwambie.

Karatasi yenyewe inawachanganya watu kwa sababu ya kupanga wagombea kwa ngazi: chaguo la kwanza, la pili, la tatu na kuendelea. Fikiria unamtuma mtoto sokoni. Unamwambia alete dagaa; dagaa wakikosekana, sangara; sangara akikosekana, maharage. Kutaja maharage hakumfanyi mtoto apunguze dagaa. Dagaa wakiwepo, habari ya maharage haifunguliwi kabisa. Ndivyo inavyohesabiwa kura yako. Mgombea akipata zaidi ya nusu kwa machaguo ya kwanza, kazi imekwisha. Asipopatikana wa namna hiyo, wa chini anatolewa, na waliompa nafasi ya kwanza kura zao zinahamia kwa walioandikwa wa pili. Juni 2018 chama cha Democratic kilikuwa na wagombea saba wa ugavana. Mills alianza na takriban asilimia 33, akavuka nusu baada ya awamu nne. Upande wa Republican mwaka huohuo, Shawn Moody alivuka nusu mara moja, na hakuna karatasi iliyohitaji kugawanywa.

Kuna makosa yanayoua kura. Usiwape wawili ngazi moja. Kuanzia ngazi hiyo kura yako haihesabiwi. Usiruke ngazi mbili mfululizo. Baada ya pengo hilo karatasi inakoma. Na kumjazia mtu mmoja duara za safu zote hakumwongezei nguvu. Inahesabiwa kura moja, na akitolewa, huna tena la kusema. Si lazima uwapange wote, lakini mwenye wasiwasi asijaze ovyo ili tu karatasi ionekane imejaa.

Jambo moja linalotuletea malalamiko kila mara: Novemba, kwenye kiti cha gavana, kupanga kwa ngazi hakutumiki. Katiba ya jimbo, tangu marekebisho ya 1880, inasema anayepata kura nyingi kuliko wengine ndiye mshindi, na Mahakama Kuu ya jimbo ilieleza hivyo Mei 2017 kufuatia kura ya wananchi ya 2016 iliyoleta utaratibu wa kupanga kwa ngazi. Ndiyo maana Paul LePage alishinda 2010 kwa takriban asilimia 38 tu. Kwa hiyo chaguo lako la pili lina kazi Juni, na Novemba halina mahali pa kuandikwa kwa kiti hicho. Na kama Juni hii hakuna atakayevuka nusu, karatasi zitasafirishwa hadi Augusta kuhesabiwa upya. Mwaka 2018 ilichukua zaidi ya wiki moja. Kuchelewa huko ni utaratibu, si wizi, na tunaomba watu wasisambaze sauti za WhatsApp zinazodai vinginevyo.

Kiingereza kisikuzuie. Sheria ya shirikisho inakuruhusu kuingia na msaidizi unayemtaka, mwanao, jirani, mtu wa kanisani au msikitini, isipokuwa mwajiri wako au kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Msaidizi anasoma na kutafsiri. Hachagui. Na asivae fulana ya mgombea, kwa sababu kampeni haziruhusiwi ndani ya futi 250 za mlango wa kituo.

Wanaopigia nyumbani hawahitaji kutoa sababu. Karatasi hupatikana takriban siku 30 kabla, kwa karani wa mji wako. Saini iwe juu ya bahasha, mahali palipoandikwa jina lako, na bahasha iwe imefika mkononi mwa karani kabla ya saa 2 usiku ya tarehe 9 Juni. Muhuri wa posta wa tarehe hiyo hausaidii. Ikiwa imebaki wiki moja na bado iko mezani kwako, usiitie posta. Ipeleke mwenyewe.