Fimwea mpya na sauti ya kigeuzi cha dijitali: nini hasa hubadilika?

Wapenda muziki wa hapa Dodoma huniletea maswali mengi, na hili ndilo ninalopenda zaidi kulijibu: inawezekanaje kigeuzi ambacho hakijaguswa hata skrubu moja kitoe sauti tofauti baada ya kuwekewa fimwea mpya, yaani programu ya ndani inayokiendesha kifaa? Baadhi huuliza kwa mshangao, maana wameyasikia mabadiliko kwa masikio yao. Wengine huuliza kwa mashaka, kwamba faili lililopakuliwa kwenye intaneti litagusaje besi au sauti ya mwimbaji. Mimi ni fundi wa vifaa vya sauti, na kabla sijajibu huwa nauliza kwanza kigeuzi chenyewe kimejengwaje ndani.

Kigeuzi, ambacho madukani hukiita DAC, hupokea namba na kutoa umeme unaopanda na kushuka, ndio huo unaokwenda kwenye amplifaya na kisha kwenye spika. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hubeba sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, 44,100 kwa sekunde kwa kila chaneli, na kila sampuli ina biti 16. Hizo zinatosha kwa sauti zote hadi karibu kilohezi 22, yaani mitetemo 22,000 kwa sekunde. Ila namba hizo zikigeuzwa umeme hivihivi, juu ya kilohezi 22 huzuka vivuli vya muziki: sauti ya kilohezi 20 hupata kivuli chake kwenye kilohezi 24.1. Kwa hiyo panahitajika filta ya kupitisha kila kitu hadi 20 na kuua kila kitu kuanzia hapo 24. Nafasi ya kufanyia kazi hiyo ni finyu mno.

Sehemu kubwa ya filta hiyo siku hizi si koili na kapasita, ni hesabu. Kila sampuli, pamoja na jirani zake waliotangulia na wanaofuata, huzidishwa kwa orodha ndefu ya namba, kisha majibu yote hujumlishwa. Orodha hiyo ya namba ndiyo filta yenyewe. Pale ambapo imehifadhiwa kwenye fimwea, faili jipya huja na filta mpya, na umeme unaotoka nyuma ya kifaa unakuwa na umbo jingine. Jambo hili linapimika, halihitaji imani.

Chukua ilimba. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba kwenye majukwaa ya dunia, aliacha rekodi ambazo mimi huzitumia sana kazini. Kidole gumba kinapouachia ulimi wa chuma, sauti huruka kutoka kimya hadi kilele mara moja, na kufuatiwa na mvumo wa utando wa buibui uliozibia tundu la ubao. Filta kali ya kawaida, ile inayochelewesha masafa yote kwa muda sawa, ikikutana na mshtuko wa ghafla hutoa mtetemo mdogo kabla ya pigo na mwingine baada yake. Ipo aina nyingine inayohamishia mtetemo wote nyuma ya pigo, na gharama yake ni kwamba masafa ya juu kabisa yanachelewa kuliko ya chini. Ya tatu ni filta ya mteremko wa polepole: mtetemo wake ni mfupi, lakini ikifika kilohezi 20 imekwishapunguza desibeli kadhaa, na baadhi ya vivuli vinapenya.

Wauzaji husimulia mtetemo wa kabla ya pigo kwa maneno mazito sana. Mimi naupa uzito mdogo. Unatokea karibu na kilohezi 22, mahali ambapo sikio la mtu mzima halifiki, na hauamki hadi muziki wenyewe uwe na nguvu kule juu. Tofauti ninayoikubali kwa urahisi ni ya filta ya polepole kwenye CD, maana pale mng'ao wa juu unapungua kweli, na kijana mwenye masikio mazima ataligundua hilo kwenye upatu na kwenye njuga.

Sasa turudi kwenye ujenzi. Vigeuzi vingi vimejengwa juu ya chipu ya kununua, kama zile za ESS ya Marekani au Asahi Kasei ya Japani. Filta zimo tayari ndani ya chipu, kadhaa za kuchagua, na fimwea ya kifaa kazi yake kubwa ni kuandika maagizo kwenye rejista za chipu, yaani visanduku vidogo vya mipangilio: tumia filta fulani, weka sauti kiwango fulani, fuata saa ya chanzo (mapigo ya umeme yanayopanga muda wa kila sampuli) kwa ukaribu fulani. Fimwea mpya inaweza kubadilisha filta inayochaguliwa kifaa kinapowashwa, na mwenye kifaa asijue kwamba angeweza kuichagua mwenyewe kwenye menyu tangu siku ya kwanza. Baadhi ya chipu za ESS huruhusu pia mtengenezaji kuingiza orodha yake mwenyewe ya namba. Mara nyingi, hata hivyo, masasisho ya vifaa vya aina hii hurekebisha mambo ya USB, rimoti na skrini, na sauti hubaki ileile. Mtu akiniambia kifaa chake cha namna hiyo kimefunguka sauti baada ya marekebisho ya rimoti, naanza kutafuta sababu kwingine.

Vigeuzi vyenye FPGA ni habari nyingine kabisa. FPGA ni chipu inayotoka kiwandani bila kazi maalumu. Fimwea ndiyo inayounganisha maelfu ya vipande vyake vya mantiki kuwa saketi. Kwa mtu wa Dodoma, mji wa viwanja, naieleza hivi: FPGA ni kiwanja kilichopimwa, chenye maji na umeme, na fimwea ni nyumba. Kusasisha ni kubomoa nyumba yote na kujenga nyingine palepale.

Mfano unaojulikana sana ni DirectStream, kigeuzi kilichotoka mwaka 2014 kutoka PS Audio, kampuni ya Boulder, Colorado, Marekani. Mbunifu wake, Ted Smith, hakutumia chipu ya kigeuzi ya kununua. Aliandika kila kitu ndani ya FPGA: kuongeza idadi ya sampuli, filta, na hatua ya mwisho ya kuugeuza muziki kuwa mkondo wa biti mojamoja, yaani DSD. Fimwea zake zilipewa majina ya milima ya Colorado, kama Pikes Peak, Huron, Redcloud, Snowmass na Windom, na wamiliki walizipokea kama watu wanaopokea kifaa kipya. Naona walikuwa na haki. Kuubana muziki kwenye biti moja huzalisha makelele mengi, na ustadi wote uko katika kuyasukuma makelele hayo juu ya masafa ya sikio bila kuyumbisha kilichobaki chini. Namna ya kuyasukuma ni hesabu, na hesabu hiyo imo ndani ya fimwea.

Kuna na jambo lisiloonekana kwenye hesabu. Saketi mpya ndani ya FPGA huwaka na kuzima kwa mpangilio mpya, hivyo makelele ya umeme yanayovuja kwenye njia za pawa na kuifikia saa ya kigeuzi nayo hubadilika. Fimwea mbili zenye hesabu ileile, zilizopangwa tofauti ndani ya chipu, zinaweza kupishana kidogo kwenye vipimo. Ukubwa wa tofauti hiyo hutegemea bidii ya mbunifu katika kuitenga saa na sehemu ya analogi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kampuni ya dCS ya Uingereza. Ring DAC yao hutumia vyanzo vingi vya mkondo vyenye thamani sawa. Thamani ya kila chanzo hutegemea resista, na resista mbili hazilingani kabisa, kwa hiyo mantiki ya FPGA huchagua kila mara vyanzo vipi viwake, ili kosa la kila kimoja lisiegemee upande mmoja wa wimbi, bali litawanyike na kuwa kelele hafifu sana. Utaratibu wa kuchagua ukibadilika, makosa hutawanyika kwa namna nyingine. Kampuni hiyo imewahi kutuma taratibu mpya kwa wamiliki kupitia masasisho na kuwaachia wachague wenyewe kwenye menyu, uamuzi ninaouheshimu sana.

Kiwanja, yaani FPGA, kina mipaka yake pia. Filta za mbunifu Rob Watts kwenye vigeuzi vya kampuni ya Chord ziliruka kutoka namba zaidi ya 26,000 kwenye Hugo hadi 164,000 kwenye DAVE, na ruko hilo lilitaka FPGA kubwa zaidi. Faili peke yake lisingetosha.

Sasa nifike kwenye jambo linalowachanganya watu kuliko yote: kiwango cha sauti. Sampuli mbili jirani zinaweza kugusa kikomo cha juu zote mbili, na wimbi halisi linalopita katikati yao likapanda juu zaidi. Wimbi la kilohezi 11.025, sampuli zake zikiangukia pabaya, hupita kikomo kwa desibeli 3. Filta isiyo na nafasi ya akiba hukata vilele hivyo, na singeli na Bongo Fleva, ambazo mara nyingi husukumwa hadi mwisho wa kipimo, ndizo zinazoumia. Kampuni ya Benchmark ya Marekani huacha akiba ya desibeli 3.5 kwa sababu hii. Tuseme mtengenezaji wako ameliona hilo na kupunguza kiwango kwa desibeli 3 ndani ya fimwea. Sauti imekuwa safi zaidi, ila volti 2 za kawaida kwenye pato zimeshuka hadi 1.42, na masikio yatakwambia kwamba muziki umefifia. Kinyume chake ni hatari zaidi: toleo lililopandisha kiwango kidogo tu litasifiwa kwa uhai na besi, kumbe ni nguvu tu imeongezeka.

Kwa hiyo pima kabla ya kusikiliza. Cheza toni ya hezi 100 kabla na baada ya kusasisha, volyumu ya kigeuzi ikiwa palepale, na usome volti za AC kwenye pato kwa multimita. Nachagua hezi 100 kwa sababu multimita nyingi za bei nafuu zimekusudiwa umeme wa hezi 50 na hazisemi kweli kwenye masafa ya juu. Lengo ni tofauti isiyozidi desibeli 0.1, ambayo kwa volti 2 ni kama volti 0.02. Zikipishana zaidi ya hapo, sawazisha volyumu kwanza.

Kumbukumbu ya sikio nayo ni fupi, na kuiingiza fimwea kwenye kifaa huchukua dakika kadhaa, hivyo kulinganisha papo hapo hakuwezekani. Tena sauti ya sebule hubadilika na saa: mchana wa Julai upepo wa Dodoma unatikisa mabati, usiku kumetulia, na kigeuzi kilekile kinaonekana kimepata kina. Ninachofanya ni kurekodi pato la kigeuzi kupitia kadi nzuri ya sauti kabla ya kusasisha, nyimbo mbili tatu ninazozijua, halafu narekodi nyimbo zilezile baada yake. Kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, nalinganisha viwango, napanga mwanzo wa faili, nageuza moja juu chini na kuzijumlisha. Saa za vifaa viwili hazitembei sawa kabisa, kwa hiyo natumia vipande vifupi. Kinachobaki ndicho kilichobadilika: kikiwa ni mchirizi wa masafa ya juu peke yake, filta imeguswa, kikiwa muziki mzima uliofifia, ni kiwango.

Kabla hujabonyeza kitufe, weka kigeuzi kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme) na uahirishe kazi kama mvua ya radi inanyemelea, maana vifaa vingi hufuta fimwea ya zamani kabla ya kuandika mpya, na umeme ukikatika katikati kifaa kinaweza kisiwake tena. Pakua pia faili la toleo ulilo nalo sasa ulihifadhi, na usome maelezo ya mtengenezaji kujua kama anaruhusu kurudi nyuma. Asiporuhusu, rekodi yako ya kabla ndiyo nakala pekee utakayobaki nayo ya sauti ya toleo la zamani.