Dekoda ni nini, na kwa nini husingiziwa kifo

Kichwa cha treni kiko mezani, kifupi kuliko kalamu. Ukikiweka kwenye reli, taa ya mbele inawaka. Ukibonyeza kitufe cha taa inazima, ukibonyeza tena inawaka. Ukiongeza mwendo, kimya. Hakiendi mbele wala nyuma, hata kutikisika hakitikisiki. Muulize mpenzi yeyote wa treni za mfano na jibu litakuja kabla hujamaliza kueleza: dekoda imekufa, nunua nyingine.

Kichwa hicho ni changu, na dekoda yake haikuwa imekufa. Lakini ili uone kwa nini, inabidi kwanza ujue dekoda ni mdudu gani.

Treni za mfano ni treni halisi zilizopunguzwa kwa kipimo maalumu, na wapenzi wake wengi wako Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani. Kipimo maarufu zaidi ni HO, yaani 1 kwa 87, chenye reli za upana wa milimita 16.5. Ninachokizungumzia hapa ni kidogo zaidi, kinaitwa N: 1 kwa 160, reli za milimita 9. Herufi hiyo imetokana na namba tisa, ambayo kwa Kiingereza na Kijerumani huanza na N. Ukitaka kukipima kwa kitu unachokijua, chukua reli ya SGR, iwe ya Kenya au ya Tanzania. Upana wake ni milimita 1,435. Gawa kwa 160, unapata milimita 9 kasoro kidogo sana. Kwa hiyo kichwa cha dizeli chenye urefu wa mita 20 kinageuka kuwa kitu cha sentimita 12 na nusu, na ndani yake lazima zienee mota, gia, taa, uzito wa kukifanya kishike reli, na siku hizi dekoda.

Zamani dekoda haikuhitajika. Transfoma ilipeleka umeme wa DC, yaani wa mwelekeo mmoja, kwenye reli mbili, magurudumu yakauokota, ukaenda moja kwa moja kwenye mota. Volti zikipanda treni inakimbia, zikishuka inapunguza, ukigeuza chanya na hasi inarudi nyuma. Rahisi, na wapo wanaoendesha hivyo hadi leo bila kujuta. Tatizo ni kwamba vichwa viwili vikiwa kwenye reli ileile vinakwenda pamoja na kusimama pamoja, kama mbuzi waliofungwa kamba moja. Ukitaka kimoja kisimame stesheni na kingine kipite, ni lazima ukate reli vipandevipande na kufunga swichi kila kona.

Mfumo wa kidijitali uitwao DCC uliondoa kamba hiyo. Kampuni ya Lenz ya Ujerumani iliubuni mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani kilichoanzishwa 1935, kikauchukua katika miaka ya 1990 kuwa msingi wa viwango vyake. Ndiyo maana leo dekoda ya kampuni moja inatii rimoti ya kampuni nyingine, jambo ambalo wenye chaja za simu wa miaka ile wangelionea wivu.

Katika DCC reli zina umeme kamili muda wote, volti 12 mpaka 16 hivi kwa treni ndogo, iwe treni imesimama au inakimbia. Umeme huo unageuzwa chanya na hasi maelfu ya mara kwa sekunde, na katika kugeuka huko ndimo ujumbe ulimofichwa. Kila upande ukidumu mikrosekunde 58, hiyo ni 1. Ukidumu mikrosekunde 100 au zaidi, hiyo ni 0. Zinatangulia 1 nyingi mfululizo za kuamsha usikivu, inafuata anwani ya kichwa kinachoitwa, kisha amri, na mwisho namba ya kuhakiki kwamba ujumbe umefika bila kuharibika. Ukiwa umeharibika, dekoda inautupa na kungoja mwingine. Ni kama kipaza sauti cha stendi ya mabasi: tangazo linasikika kwa wote, anayeinuka na mzigo wake ni abiria wa basi lililotajwa.

Basi dekoda ndiyo hiyo: bodi ndogo ya umeme inayokaa ndani ya kichwa cha treni, katikati ya reli na mota, inayosikiliza ujumbe uliomo kwenye umeme wa reli na kuutekeleza pale ulipotaja anwani yake. Za kipimo cha N nyingine ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Ukiikuza kwa lenzi utaona sehemu chache tu zenye maana kwa fundi. Kuna daiodi nne za kunyoosha umeme unaogeukageuka uwe DC. Kuna chipu, ambayo ndiyo yenye akili. Kuna transista nne, yaani milango midogo ya umeme, zilizopangwa kama herufi H, na mota imekaa kwenye mstari wa katikati wa hiyo H: mbili zikifunguka mota inazunguka huku, mbili nyingine zikifunguka inazunguka kule. Mwendo hauongezwi kwa kupandisha volti. Dekoda inawasha na kuzima mota kwa kasi kubwa, na kadiri muda wa kuwasha unavyozidi ule wa kuzima ndivyo treni inavyokimbia. Zilizo bora zaidi zinatumia hata ule muda mfupi wa kuzima. Mota inapozunguka bila umeme huwa jenereta kwa kitambo, dekoda inapima volti zake, inajua treni inakwenda kasi gani, na kama kuna kilima inaongeza nguvu. Mwisho kuna transista ndogondogo za taa.

Waya zake zina rangi zilizokubaliwa, na hizi zishike kichwani kabla ya kushika kibano. Nyekundu na nyeusi zinatoka kwenye reli, nyekundu upande wa kulia. Rangi ya machungwa na kijivu zinakwenda kwenye mota. Bluu ni chanya ya taa zote. Nyeupe ni taa ya mbele, njano ni ya nyuma. Ukifunga taa ya LED usisahau rezista ya kuubana umeme: kwenye volti 12, LED nyeupe inakula kama volti 3, zinabaki 9, na rezista ya omu 1,000 itapitisha miliampia 9, ambazo zinatosha na kubaki. Balbu za zamani huwa moto kiasi cha kuyeyusha ganda la plastiki la kichwa. Hizo mimi huziondoa bila kufikiri mara mbili.

Sasa tuje kwenye vifo. Dekoda hufa kweli, na muuaji mkuu ni mmoja. Kumbuka kwamba katika mfumo wa zamani mota iliunganishwa na reli moja kwa moja. Katika DCC mota haitakiwi kugusana na reli kwa njia yoyote isipokuwa kupitia dekoda. Vichwa vingi vya N vina mwili wa chuma uliopasuliwa nusu mbili, na kila nusu hubeba umeme wa reli ya upande wake. Mota imebanwa katikati ya nusu hizo, na vile vijisahani vya shaba vinavyopeleka umeme kwenye kaboni za mota, yaani vipande viwili ambavyo mota hupokelea umeme, viko umbali wa unywele kutoka kwenye chuma. Kimoja kikipinda kidogo kikagusa mwili, umeme wa reli unaingia kwenye ile H kwa mlango wa nyuma, na transista hazidumu hata sekunde. Utanusa kabla hujaona.

Kwa hiyo kabla ya kufunga dekoda yoyote, toa ya zamani, weka mita kwenye alama ya kupima mguso, ile inayolia, gusa kaboni moja ya mota na nusu moja ya mwili. Isilie. Gusa nusu ya pili. Isilie. Rudia kwa kaboni ya pili. Zungusha mota kwa kidole, rudia tena, kwa sababu ipo migusano inayotokea mota ikiwa imekaa mkao fulani tu. Ikilia popote, tafuta kinapogusa na ubandike kipande cha tepu ya kahawia isiyoungua, ile ambayo mafundi simu huitumia karibu na chipu. Fundi yeyote wa simu wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue tayari ana kila kinachohitajika kwa kazi hii, kuanzia mita na kibano hadi chuma cha kulehemu chenye ncha kama sindano. Mkono pia anao, na mkono haununuliwi.

Kipimo kingine ambacho wengi hukiruka: peleka volti 12 za DC kwenye mota peke yake, ishike isizunguke kwa sekunde moja au mbili, usome ampia. Hizo ndizo ampia ambazo dekoda itabebeshwa siku treni ikinasa. Dekoda nyingi za N hubeba kati ya nusu ampia na ampia moja. Mota kuukuu iliyochoka sumaku ikitaka zaidi ya hapo, itaua dekoda mpya kama ilivyoua ya kwanza, na mwenyewe utalaumu kiwanda.

Ukiacha hayo, sehemu kubwa ya dekoda zinazoitwa maiti zinapumua. Kichwa kinachokwama na kuruka, taa zikikonyeza, kwa kawaida kina uchafu. Magurudumu ya N ni madogo na kichwa chenyewe ni chepesi, hivyo uchafu mweusi kidogo tu unatosha kukata umeme, na umeme ukikatika ujumbe nao umekatika. Lowesha karatasi ya jikoni kwa spiriti ya kusafishia, ilaze juu ya reli, weka bogi moja la kichwa, yaani fungu moja la magurudumu yake, juu ya karatasi na jingine kwenye reli tupu lipate umeme, endesha huku umekishika kichwa. Mistari miwili myeusi itakayobaki kwenye karatasi itakuambia ulikuwa unaendesha juu ya nini. Wanaochoshwa na usafi hufunga kapasita kubwa ya kuhifadhi umeme, lakini ndani ya N nafasi yake ni ya kuiba.

Kichwa kisichojibu chochote, hata taa, pengine kimesahau anwani. Dekoda mpya hutoka kiwandani na anwani 3. Anwani na tabia nyingine zote huhifadhiwa kwenye visanduku vya namba vinavyoitwa CV: CV1 ni anwani fupi, CV2 ni volti za kuanzia, CV3 ni uzito wa kuondoka, yaani treni ichukue muda gani kushika kasi. Shoti ndogo ikipita vibaya, namba hizo huweza kuvurugika. Kwa dekoda nyingi, kuandika 8 kwenye CV8 kunairudisha kama ilivyotoka kiwandani. Fanya hivyo kwenye kipande cha reli cha kuprogramia, ambako umeme umebanwa usizidi robo ampia, ili kama kuna shoti usiwe msiba. Dekoda hapo hujibu kwa namna ninayoipenda sana: haina mdomo, kwa hiyo inavuta umeme mwingi zaidi kwa milisekunde 6 hivi, mara nyingi kwa kugusa mota kidogo. Ukiona kichwa kinashtuka kila unapokisoma, kinakujibu ndiyo.

Kichwa changu cha mwanzo kilikuwa kinashtuka? Hapana. Lakini taa zilitii amri, maana yake daiodi nzima, chipu nzima, anwani sahihi. Kilichobaki ni ile H, au njia ya kutoka kwenye H kwenda kwenye mota. Niliweka mita kwenye kaboni mbili za mota: omu chache, mota nzima. Nikapima kutoka sehemu ya bodi mpaka kwenye kaboni: hakuna kitu. Vijisahani vya shaba vilitakiwa kuisukuma bodi kwa chini kama springi ya betri ya tochi, na baada ya miaka vilikuwa vimelala na kuota kutu ya kijani. Dekoda ilikuwa inapiga kelele usiku kucha na mlango umefungwa.

Nilivikwangua, kisha badala ya kuamini springi tena, nikalehemu waya mbili nyembamba kutoka bodini hadi kwenye vijisahani, sekunde mbili kila kiungo, tepu ya kahawia chini yake. Nikafunika, nikaweka kwenye reli, nikaamuru mbele. Taa ya mbele ikawaka na treni ikaenda nyuma.

Nilikuwa nimepishanisha ya machungwa na kijivu. Nikajiambia sifungui tena, CV29 ipo: ilikuwa 6, nikaandika 7, ambayo hugeuza mwelekeo. Nikaamuru mbele. Treni ikaenda mbele, safari hii ikiwa imewasha taa ya nyuma, kwa sababu CV29 hugeuza mota na taa kwa pamoja. Nikarudisha 6, nikachukua bisibisi.