Mdadisi Aliye Mlangoni Si Liwali Kirenio

Wadadisi wetu wamo mitaani kwa ajili ya utafiti wa kaya, na kwenye namba ya malalamiko zinaingia jumbe ambazo sikutarajia kuzijibu katika kazi ya takwimu. Mzee mmoja ameandika kwamba hataandikwa Dar es Salaam. Atasubiri mpaka aende kwao Njombe, kwa kuwa hata Yusufu alirudi Bethlehemu. Mwingine anasema kuhesabu watu kulianzishwa na Kaisari ili atoze kodi, "na nyinyi ni walewale". Wa tatu amesambaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba Wachina milioni 38 walitoweka baada ya kuhesabiwa, na amewasihi jamaa zake wafunge milango.

Nimeagizwa nitoe ufafanuzi. Ofisi haina msimamo juu ya tafsiri ya Maandiko, na pale ambapo wanazuoni wa dini hawakubaliani, tunawaachia wenyewe. Ila tarehe na hesabu ni kazi yetu.

Tuanze na Kirenio, ambaye Biblia ya Kiswahili inamwita liwali wa Shamu (yaani Siria) katika habari ya uandikishaji uliompeleka Yusufu Bethlehemu. Habari za Herode, mfalme wa Uyahudi, na wanawe msomaji anazijua. Mwaka wa 6 B.K., Kaisari Augusto alimwondoa Arkelao mwana wa Herode katika utawala wa Uyahudi, akampeleka uhamishoni Gaul, ambayo leo ni Ufaransa, na nchi ikawekwa moja kwa moja chini ya Roma. Akaletwa mtawala mpya, Coponius, naye Kirenio akashuka kutoka Shamu kuja kuorodhesha mali. Nalisisitiza neno hilo, mali, kwa sababu ndilo linalosahaulika kila mara.

Utaratibu wenyewe tunaujua vizuri kutokana na maandishi ya mwanasheria Ulpian, aliyeueleza kama miaka 200 baadaye. Mwenye shamba alitakiwa kutaja jina la shamba, mji na kitongoji lilipo, na majirani wawili wa karibu. Kisha alitaja ukubwa wa eneo litakalolimwa katika miaka 10 ijayo, idadi ya mizabibu, eneo la mizeituni pamoja na idadi ya miti yake, eneo la nyasi za kukata, malisho, na misitu ya kukata miti. Mabwawa ya samaki yaliandikwa, na mashamba ya chumvi pia. Kila mtumwa aliandikiwa taifa lake, umri, kazi na ujuzi wake. Thamani ya vyote aliikadiria mwenye mali mwenyewe. Katika mikoa ya Shamu umri uliandikwa kwa sababu kodi ya kichwa iliwahusu wanaume kuanzia miaka 14 na wanawake kuanzia 12, wote hadi 65. Na mtu mwenye ardhi katika mji mwingine alipaswa kwenda kuitangaza katika mji huohuo ilipo ardhi, maana kodi yake ilikuwa haki ya mji huo.

Mzee wangu wa Njombe, jibu lako liko hapo. Mtu aliifuata ardhi yake, au alifuata mahali alipoandikwa kwa ajili ya kodi. Misri nako, mwaka 104, gavana Vibius Maximus alitoa tangazo ambalo limehifadhiwa hadi leo kwenye kipande cha karatasi ya mafunjo: kila aliye nje ya wilaya yake arudi kwake kwa uandikishaji wa nyumba kwa nyumba. Hata hivyo watu ambao mji wa Alexandria uliwahitaji waliweza kubaki, wakishapata kibali. Sisi hatukutozi chochote kwa shamba la Njombe. Katika sensa ya Tanzania mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Katika utafiti wa kaya huandikwa kwenye kaya anamoishi siku zote. Mzee, wewe unaishi Dar es Salaam. Nauli kaa nayo.

Adhabu nazo nizieleze, kwa kuwa watu huzitaja kwa kubahatisha. Kanuni za ofisi ya mapato maalumu ya Kaisari huko Misri, ambazo chanzo chake ni enzi za Augusto na nakala tuliyo nayo ni ya karne ya 2, zinasema hivi: asiyejiandikisha, au asiyewaandikisha wale aliopaswa kuwaandikisha, ananyang'anywa robo ya mali yake. Asiyeandikisha watumwa anapoteza watumwa hao tu. Askari ambaye hakuandikishwa haadhibiwi, ila mke na watoto wake wanawajibika. Hakuna popote katika kanuni hizo panaposema mtu auawe kwa kukataa kuhesabiwa, kama inavyodaiwa kwenye sauti ile inayozunguka kwenye simu.

Ni haki kukiri kwamba watu wa Uyahudi waliogopa, na walikuwa na sababu. Mwanahistoria Josephus anaeleza kwamba kuhani mkuu Yoazari aliwatuliza wengi wakakubali kuandikisha mali zao, lakini Yuda Mgalilaya, pamoja na Farisayo mmoja aitwaye Sadoki, walisema uandikishaji ule ni utumwa mtupu, wakawachochea watu waasi. Kitabu cha Matendo ya Mitume nacho kinamtaja Yuda huyo na jinsi wafuasi wake walivyotawanyika. Tena Kirenio hakuishia Uyahudi. Lipo jiwe lenye maandishi ya ofisa wake, Quintus Aemilius Secundus, anayejieleza kwamba kwa amri ya Kirenio aliuorodhesha mji wa Apamea huko Shamu, akapata raia 117,000. Namba kamili namna hiyo, bila hata mmoja wa ziada, mimi huitazama kwa jicho la pembeni, lakini ndiyo iliyochongwa.

Kuna wanaouliza sensa ya mwaka wa 6 inahusianaje na siku za Herode, ambamo Injili inasema Yesu alizaliwa, ilhali Herode alifariki mwaka wa 4 K.K. Hilo ni katika yale niliyosema tunawaachia wenyewe. Ombi langu ni moja tu: msiandike kwamba pengo ni miaka 10. Hakuna mwaka sifuri. Baada ya mwaka wa 1 K.K. unakuja mwaka wa 1 B.K. moja kwa moja, kwa hiyo ni miaka 9. Nimeshalieleza hili mara nyingi kiasi kwamba nimeanza kulieleza kwa ukali, naomba radhi.

Sasa twende China, ambako mtu wa fani yangu anaweza kukaa siku nzima.

Mwaka wa 2 B.K. mfalme Ping alikuwa bado mtoto, na mamlaka yalishikwa na Wang Mang, ambaye miaka 7 baadaye alijitwalia kiti chenyewe. Orodha ya mwaka huo ilihifadhiwa katika historia rasmi ya nasaba ya Han: kaya 12,233,062 na watu 59,594,978. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilipata watu 61,741,120. Yaani dola kubwa kuliko zote za mashariki, miaka elfu mbili iliyopita, iliandika watu pungufu kidogo ya sisi tulivyohesabiwa 2022, tena kwa brashi na wino juu ya vibao vya mianzi. Wastani wa kaya yao ulikuwa watu 4.9, wetu mwaka 2022 ulikuwa 4.3. Ukijumlisha mkoa kwa mkoa unapata kama milioni 57.7, si 59.6. Jumla na sehemu zake kutolingana ni ugonjwa wa zamani.

Kazi ilifanyika kila mwaka. Mwezi wa 8 wa kalenda yao watu waliitwa wilayani, ofisa akawakagua mmoja mmoja na kuulinganisha umri na daftari. Wilaya ilipeleka hesabu mkoani, mkoa ukapeleka mji mkuu. Kisha ilifuata kodi: mtu mzima wa miaka 15 hadi 56 sarafu 120 kwa mwaka, mtoto wa miaka 7 hadi 14 sarafu 23. Unaona mwenyewe wapi panapovutia uongo: mtoto abaki na miaka 6 kwa muda mrefu iwezekanavyo, na baba afikishe 57 mapema.

Uongo haukuwa wa raia peke yao. Mwaka 1993, huko Yinwan katika jimbo la Jiangsu, wanaakiolojia walifukua kaburi la ofisa wa mkoa wa Donghai, Shi Rao, aliyefariki mwaka wa 10 K.K. Alizikwa na nyaraka za kazi, na ndani yake imo taarifa ya mwaka ya mkoa: kaya 266,290, watu 1,397,343. Mpaka hapo sawa. Halafu taarifa inasema wenye miaka 90 na zaidi ni 11,670. Hiyo ni zaidi ya watu 8 katika kila 1,000, katika zama ambazo kufika miaka 60 kulikuwa jambo la kushukuru Mungu. Wazee waliofika umri huo walistahili kupewa vyakula na vitambaa kwa amri ya kifalme, na mkoa wenye wazee wengi ulionekana umetawaliwa vema. Nani angemsuta ofisa aliyeiongeza namba? Nimekaa kwenye uchakataji wa takwimu miaka mingi, na siku nilipoiona namba hiyo nilicheka peke yangu ofisini: nilimtambua mwenzangu.

Kuhusu Wachina milioni 38 "waliotoweka". Orodha ya mwaka 57 ilipata watu 21,007,820, ndiyo. Katikati Wang Mang alipinduliwa, Mto Manjano ulibadili mkondo na kufunika mashamba, na vita vikadumu miaka. Wengi walikufa. Lakini wengi wengine walihamia kusini, au walijificha chini ya mabwana wa ardhi ambao hawakutaka wafanyakazi wao waandikwe. Serikali mpya ilipoagiza mashamba na watu vipimwe upya mwaka 39, maofisa waliwapendelea matajiri na kuwabana wanyonge, na watawala zaidi ya 10 wa mikoa walikufa gerezani kwa hesabu za uongo. Kilichopungua sana lilikuwa daftari. Kusema kwamba kuhesabiwa ndiko kulikowaua ni sawa na kusema mzani ndio uliomkondesha mgonjwa.

Pwani yetu wakati huo haikuhesabiwa na mtu. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 unataja soko la Rhapta upande wa Azania, jina la kale la pwani hii, pembe za ndovu zake, na kwamba watu wa Muza, huko Yemen, walilidai ushuru. Bidhaa zimeorodheshwa moja moja. Idadi ya watu hakuna.

Turudi mlangoni kwako. Mdadisi anabeba kitambulisho na anaongozana na kiongozi wa mtaa. Akija peke yake bila kitambulisho una haki ya kutomjibu mpaka uhakikishe kwa mwenyekiti. Majibu yanalindwa na Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, na kinachochapishwa ni jumla. Jina lako haliendi kwa mtoza kodi. Akiuliza kama una ng'ombe au choo cha aina gani, hatafuti cha kuchukua.

Swali linalotusumbua kuliko yote bado ni lile la Donghai, umri wa wazee. Tafadhali msimpe bibi miaka 100 kwa heshima. Kama tarehe haijulikani, mdadisi anayo kalenda ya matukio: mwambie kwamba siku ya Uhuru bibi alikuwa ameshaolewa, au kwamba Azimio la Arusha lilipotangazwa mtoto wake wa pili alikuwa mgongoni. Mwaka ataukokotoa yeye.