Kuanika mawe ya redio juani hakuyajazi umeme

Kuna ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp huku Kisumu: mawe ya redio au tochi yakiisha, yaanike juu ya bati saa sita mchana, yatajaa tena. Si kweli, ingawa kinachowachanganya watu kinaeleweka. Ukiyarudisha, redio hulia kweli, kwa muda mfupi.

Jiwe la kawaida la volti 1.5 halihifadhi umeme kama mtungi unavyohifadhi maji. Umeme hutokana na zinki, ambayo katika mawe mengi ndiyo kopo lenyewe, inapoliwa polepole na kemikali za ndani. Zinki ikishaliwa, jua haliirudishi. Joto huchangamsha tu masalia. Hata kulipumzisha jiwe kabatini usiku kucha hulipa nguvu kidogo.

Jaribu mwenyewe. Chukua jozi mbili zilizochoka sawasawa, moja uianike, nyingine uiache kivulini, kisha uzitie kwa zamu kwenye tochi ileile. Zote zitawaka, na zote zitafifia upesi.

Mawe yanayojazwa huandikwa hivyo ubavuni, mengi yakiwa ya volti 1.2. Chaja husukuma umeme kinyume, kemikali zikarudi zilivyokuwa. Jua la Kibuye hapa Kisumu, kwa ukali wake wote, haliwezi kazi hiyo.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kopo lililoliwa likipashwa joto huvuja na kutafuna springi za redio. Ukikuta jiwe limelowa au limevimba, litoe hata kama redio bado inalia.