Nilisomea ndege, nikaishia kwenye mazizi

Tumbusi si ndege wa alfajiri. Kwale na njiwa wameshaamka, wamekula na kushiba, yeye bado amejikunyata juu ya mbuyu kama mtu aliyejifunika blanketi. Anangoja jua. Mpaka saa tatu, pengine saa nne, ardhi ipate moto na hewa ianze kupanda, ndipo anajiachia kutoka tawini. Ndege wa kilo tano, mwenye mbawa zinazopita mita mbili zikikunjuliwa, hamudu kupigapiga mbawa kutwa nzima. Huzunguka ndani ya hewa moto mpaka imfikishe juu, kisha huteleza kuelekea kwingine bila kutikisa hata unyoya.

Haya nimeyajua kwa kukaa chini ya miti hiyo miaka mingi. Watu wakisikia mtaalamu wa ikolojia ya ndege hudhani maisha yake ni maabara na makongamano. Kwa sehemu kubwa ni kungoja na kuhesabu. Gari linakwenda polepole katika barabara ileile, msimu uleule, kila mwaka. Mmoja anatazama kushoto, mwingine kulia, na kila tumbusi anaandikwa: aina gani, mkubwa au kinda, ametua au yuko angani, yuko umbali gani. Msipoona hata mmoja mnaandika sifuri. Vijana wanaokuja kujifunza kazi huchukia kuandika sifuri. Mimi siku hizi ndiyo ninayoiogopa.

Kwanza tusafishe jina. Katika Kiswahili cha kila siku tai ni tai tu, awe anayewinda au anayekula mizoga. Hata Biblia yetu, pale inaposema kuhusu mzoga na wanaoukusanyikia, imeandika tai. Tumbusi ni huyu wa mizoga. Tofauti iko miguuni. Tai ana kucha za kukamata na kuua, lakini mguu wa tumbusi unafanana zaidi na wa kuku: wa kutembelea na kukanyagia nyama, si wa kunyakua. Mfugaji akiniambia tumbusi kabeba mwanambuzi wake akaruka naye, namwomba anionyeshe mguu ulioweza kazi hiyo.

Waliotufungulia njia walifanya kazi yao hapa hapa Tanzania. Hans Kruuk, aliyekuwa Serengeti miaka ya 1960, alionyesha kwamba kwenye mzoga kuna mgawanyo wa kazi. Yule mkubwa mwenye kichwa chekundu na ngozi zinazoning'inia ana mdomo wa kuchana ngozi ngumu na kano. Mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell wana shingo ndefu isiyo na manyoya mengi, huiingiza ndani ya mzoga wakavuta nyama laini. Wadogo wenye midomo myembamba hudonoa masalia pembeni. Baadaye David Houston akatoa hesabu iliyowashangaza wengi: wanyama wengi wakubwa wa Serengeti hawafi kwa meno ya simba, hufa kwa njaa na maradhi, na tumbusi hula nyama nyingi kuliko simba, fisi na wenzao wote wakiwekwa pamoja.

Ninayemwonea wivu ni Colin Pennycuick. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa na ndege ndogo ya kuteleza, yenye injini ya kuizima angani, akawa anazunguka ndani ya hewa moto ileile pamoja na tumbusi wa Rüppell wanaotaga kwenye majabali ya Milima ya Gol, mashariki mwa Serengeti, akipima wanavyopanda na wanavyoteleza. Wanakofika juu hakutabiriki. Tarehe 29 Novemba 1973, tumbusi wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha mita 11,300 hivi.

Sisi tunawafuata kwa setilaiti. Ili umvalishe kifaa inabidi kwanza umkamate, na hapo ndipo utaalamu wote wa darasani unapoisha. Unatandaza vitanzi vya kamba nyembamba kuzunguka mzoga wa mbuzi, unajificha mbali, unanyamaza. Tumbusi hategemei pua kutafuta chakula, anategemea macho, na zaidi ya mzoga anawatazama wenzake: mmoja akishuka, aliye kilomita kadhaa anaona, anafuata, na wa mbali zaidi anamfuata huyo. Wakati mwingine siku mbili hashuki mtu. Wakishuka, mguu mmoja ukinaswa, mnakimbia. Mmoja anashika kichwa, mwingine mbawa, kitambaa kinafunika macho. Hapo ndege, kwa kujitetea na kujipunguzia mzigo, anakutapikia. Nina shati moja tuliloliacha porini. Harufu ile haitoki kwa sabuni. Kisha mnampima uzito, mnachukua damu kidogo kwenye mshipa wa chini ya bawa ili ikapimwe madini ya risasi, mnamfunga mgongoni kifaa kinachochajiwa na jua, kisichozidi asilimia 3 ya uzito wake, mnamwachia. Yote hayo haraka, maana joto linamuumiza.

Kifaa kile kilinibadilishia kazi. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwa mipaka ya hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ina takriban kilomita za mraba 20,000, nchi nzima mahali pengine duniani. Lakini tumbusi anaweza kupita kilomita 100 kwa siku moja, na eneo la mmoja wao huweza kuzidi Ruaha yote. Nukta kwenye skrini yangu zilikuwa zinatoka hifadhini, zinapita juu ya mashamba ya mpunga, zinatua kwenye malisho ya vijijini. Askari wa wanyamapori hawezi kumlinda ndege ambaye chakula chake cha mchana kiko nyuma ya zizi la mtu.

Siku moja nukta ikasimama. Saa saba mchana, chini, katikati ya malisho, haisogei. Tumbusi aliyeshiba hupumzika, ndiyo, lakini saa zikapita. Tulifika kesho yake asubuhi. Ng'ombe alikuwa amelala chini ya mgunga, ngozi imechanwa kidogo tu. Kilichonishtua kilikuwa ukimya. Mzoga wa siku mbili huvuma, hapa hapakuwa na mvumo. Nikainama: nzi walikuwa wametapakaa juu ya ngozi wamekufa, kama majani ya chai yaliyomwagika. Tumbusi walikuwa hatua chache tu kutoka pale, wengine midomo bado ina nyama. Fisi mmoja alikuwa amefika karibu na kijito. Simba hakuwepo.

Aliyekusudiwa alikuwa simba. Sumu inayotumika mara nyingi ni viuatilifu vya shambani, hasa vya jamii ya kabofurani, ambavyo hushambulia mishipa ya fahamu. Misuli hukaza, pumzi hukatika. Mzoga mmoja unaua kila aliyeitwa na mwenzake angani, yaani ule ujanja wa kutazamana unaowalisha ndio unaowamaliza. Majangili wa tembo nao wamejua kwamba tumbusi wakizunguka juu ni kama king'ora kwa askari, hivyo hutia sumu mizoga makusudi ili kuwaua mashahidi. Nchini Botswana, Juni 2019, tumbusi 537 walikufa kwenye mizoga ya tembo watatu.

Utafiti ulioongozwa na Darcy Ogada, uliochapishwa mwaka 2015, ulipima aina nane za tumbusi barani Afrika na kukuta zimepungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miaka 30 hivi. Katika vifo vilivyoripotiwa, asilimia 61 ni vya sumu. Mwaka huohuo aina nne, mgongo-mweupe akiwemo, ziliwekwa kwenye daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Na hawa si kuku wa kurudishia hasara mwakani. Jike la mgongo-mweupe hutaga yai moja, huliatamia karibu miezi miwili, kinda hukaa kiotani kama miezi minne, na hataanza kuzaa mpaka apite miaka minne au mitano.

Ogada huyohuyo, akiwa Laikipia nchini Kenya, aliwahi kuweka mizoga ya mbuzi na kulinganisha ile iliyofikiwa na tumbusi na isiyofikiwa. Isiyofikiwa ilichukua karibu mara tatu ya muda kuisha, na bweha, fisi na wenzao waliongezeka, wakakaa muda mrefu zaidi wakigusanagusana. Tindikali ya tumbo la tumbusi ni kali kiasi kwamba bakteria wengi hawapiti. Ya mbwa haifui dafu. India imelipia somo hili: dawa ya maumivu ya diklofenaki, waliyochomwa ng'ombe, iliua figo za tumbusi waliokula mizoga yao, na aina moja iliyokuwa kila mahali ikapotea kwa zaidi ya asilimia 99 kabla na baada ya dawa hiyo kupigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikawafuata watu. Wachumi wawili walikadiria mwaka 2024 kwamba kati ya 2000 na 2005 watu wapatao 500,000 zaidi walikufa kwa sababu ya pengo hilo.

Takwimu hizi nilikwenda nazo kwenye boma lililokuwa karibu na ule mzoga, katika tarafa ya Pawaga, Iringa. Sikuzitumia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata ndege wako?"

Nikasema ndiyo. Akanipa kigoda. Akaniambia simba alikuwa amemuulia ng'ombe wawili, na mmoja ndiye aliyekuwa anakamuliwa kwa ajili ya wajukuu. "Usiku ule wewe ulikuwa wapi?"

Hakusema nani aliweka sumu, nami sikumuuliza. Serikali ina kifuta jasho kwa anayepoteza mifugo kwa wanyama wakali, lakini si fidia, jina lenyewe linakiri, na karatasi huchukua muda kumfikia mtu. Tuliloweza kulifanya mapema ni zizi. Tukashirikiana na kijiji kuweka waya imara badala ya miiba mitupu, kwa sababu ng'ombe wengi huliwa usiku kwenye mazizi mabovu au wakiachwa porini. Ni kazi ya fundi, si ya mtaalamu wa ndege, na naamini imeokoa tumbusi wengi kuliko makala zangu zote.

Ukikuta tumbusi wamekufa karibu na mzoga, usiguse kitu na usimruhusu mbwa asogee. Usichukue nyama, hata ikionekana nzuri. Kumbuka mahali, hesabu kwa mbali, mwambie mtendaji wa kijiji au afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyohiyo, kwa kuwa mzoga usipoteketezwa kesho utaua wengine. Na kabla hujatazama ndege, tazama nzi.

Mzee yule nilimfundisha hili mara moja tu. Msimu uliopita wa kiangazi alinipigia simu, saa nne asubuhi. "Mwanangu, ndama wangu kafa kwa ugonjwa, na ndege wako wametua."

"Wangapi, mzee?"

"Wanane. Hapana, tisa." Akanyamaza kidogo, nikasikia anatembea. "Na nzi wapo."